Kahawa chungu ya kijiweni, enaji ya chupa na kahawa ya kopo: ipi ya kukeshea kazi bila kuamka na kisirani

Naanza na jibu kabisa wadau maana najua wengi mnasoma hii mkiwa na kazi mezani. Kati ya vitu vyote tunavyokunywa huku mjini kwa ajili ya kukesha, kahawa chungu ya kijiweni ndo namba moja, naipa nyota nne na nusu kati ya tano, kahawa ya kopo, ile ya kuyeyusha kwenye maji ya moto, tatu na nusu, chai ya rangi tatu, na enaji za chupa nazipa moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa vile zinapatikana kila duka hata saa 8 za usiku. Sijazipanga kwa ladha, wala kwa ipi inafukuza usingizi zaidi, kufukuza zote zinafukuza. Nimezipanga kwa kitu ambacho watu hawakiulizi wakifika dukani, kwamba kesho yake asubuhi unaamka mtu wa namna gani, unaongeaje na watu wa nyumbani, mteja akipiga simu unapokea kwa sauti gani.

Mi kazi yangu kuediti video za harusi na sendofu, na wanaoijua hii kazi wanajua usiku ndo ofisi yenyewe. Mchana simu haziishi, bibi harusi anataka wimbo ubadilishwe, mama mkwe anataka ile sehemu aliyofumba macho itolewe, jirani kawasha jenereta, halafu usiku ukiingia kumetulia, bando la usiku ni bei poa kwa hiyo mafaili mazito yanapanda, unajikuta umekaa kwenye laptopu toka saa 3 mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Na sio sisi tu, kuna walinzi, kuna manesi wa zamu, madereva wa malori, mabodaboda, wanafunzi wa chuo kipindi cha UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, wakina mama wanaoamka saa 9 usiku kukanda unga wa maandazi. Wote hao ukiwaangalia mkononi kuna kitu cha kunywa. Ila hamna anayeongelea hasira za asubuhi. Tunasema fulani siku hizi ana kisirani, fulani ana dharau, fulani kabadilika tangu apate kazi, kumbe mtu hajalala vizuri wiki nzima na bado anajiongezea kafeini juu yake. Mi hili jambo linaniuma kwa kweli maana nimeona watu wanapoteza wateja, wengine mpaka ndoa zinayumba, kwa vitu ambavyo wangelala usiku mmoja tu vizuri wasingevitamka.

Sasa tuje kwenye kahawa chungu. Kwa ambao hamjakulia pwani, inapikwa kwenye dele, lile birika lenye mdomo mrefu, chini limekalia jiko dogo la mkaa, muuzaji analibeba mkono mmoja na mkono mwingine kashika vikombe anavigonganisha vinalia kachakacha, ukisikia hiyo sauti unajua kahawa imefika mtaani kwenu. Wengine hawatembei, wana benchi lao chini ya mti, jioni watu wanajaa pale wanacheza drafti wanabishana Simba na Yanga na siasa, ukienda Zanzibar pale Jaws Corner ni hivohivo, watu wamekaa kwenye baraza kahawa inazunguka na mazungumzo hayaishi. Haina sukari, haina maziwa, wengi wanatia tangawizi, na pembeni kuna kashata ya karanga au ya nazi unamega kidogo unashushia. Kikombe chenyewe ni kile kidogo kisicho na mkono, funda mbili tatu kimeisha, na kwa mitaa yetu bado unakunywa kwa mia au mia mbili.

Kwa nini naipa nyota zote hizo. Kwanza huwezi kuibugia, ni ya moto na ni chungu, unaipulizia, unaionja, unashusha kikombe, unaongea, unarudia, yaani ile namna yenyewe ya kuinywa inakupunguzia kiasi bila wewe kujihesabia. Pili inakutoa kwenye kiti, na mtu aliyekaa na spika masikioni toka asubuhi akitoka nje akakaa na wazee robo saa wakamtania kuhusu timu yake anarudi kazini kichwa kimefunguka, sasa sijui ni kahawa au ni wale wazee, nadhani vyote viwili. Na tatu, ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote, muuzaji anaondoka. Saa 4, saa 5 usiku mzee wa kahawa kashamwaga maji ya kuoshea vikombe kaenda zake kulala, kwa hiyo saa 8 usiku ukiwa umezidiwa hata ukitaka kuongeza humpati. Hamna bidhaa nyingine kwenye hii orodha yenye hiyo breki.

Nusu nyota nimeikata kwa mambo mawili. La kwanza huwezi kujua umekunywa kafeini kiasi gani. Kahawa ya Kagera nyingi ni robusta na ya Kilimanjaro ni arabika, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ni kama asilimia 2.2 ya uzito wa mbegu kwa asilimia 1.2, sasa muuzaji wako kanunua ya wapi, kachanganya vipi, kaikaanga mpaka wapi, hilo analijua mwenyewe. Mi namuuliza, na wengi wanajibu vizuri tu bila kununa, wanapenda kuulizwa kuhusu kahawa yao. Halafu ile ya mwisho mwisho kwenye dele imechemka tokea magharibi, ni nzito, usije ukaihesabu sawa na kile kikombe cha kwanza. Jambo la pili ni vikombe, kuna wauzaji wanasuuza vikombe vyote kwenye ndoo moja ya maji toka jioni mpaka usiku, watu ishirini mdomo mmoja. Hilo halipendezi na tunatakiwa tuwaambie kwa adabu tu, mzee wangu naomba unibadilishie maji, hakasiriki mtu.

Ngoja nieleze kidogo kafeini inafanya nini mwilini maana bila hapo hizi nyota hazitaeleweka. Ukiwa macho, ubongo unakusanya kitu kinaitwa adenosini, kadiri unavyokaa macho ndo inavyozidi, na ikishakaa kwenye vipokezi vyake unaanza kusikia macho mazito. Kafeini umbo lake linafanana nayo, kwa hiyo inaiwahi, inakaa pale kama abiria aliyekaa kwenye siti ya mwenzie kwenye daladala, mwenye siti akija anabaki kasimama. Lakini hajashuka, yupo palepale, na kila kituo wanapanda wengine. Kafeini ikianza kuisha wanakaa wote kwa mpigo na hapo ndo unaona mtu aliyekuwa anachapa kazi freshi saa 7 usiku, ikifika alfajiri ana mawenge, macho mekundu, ukimgusa tu anafoka. Kwa hiyo ule uchovu haukuondoka, ulikuwa umesimamishwa mlangoni.

Na kafeini haiishi haraka kama tunavyodhani. Inachukua kati ya nusu saa na saa moja hivi kufika kileleni kwenye damu, afu kwa mtu mzima wa kawaida kupungua nusu inachukua kama saa 5, wengine pungufu, wengine inazidi sana. Piga hesabu hapo. Umekunywa vitu vyako saa 4 usiku, jumla miligramu 200, ikifika saa 9 usiku bado una 100 mwilini, umepanda kitandani, na saa 2 asubuhi unapoamka kwenda kukabidhi kazi bado kuna 50, ambayo ni kama kikombe kizima cha chai ya rangi. Sasa huyo aliyekunywa saa 8 usiku yeye je? Yeye analala na kafeini, anaamka na kafeini, na katikati hapo usingizi wake ni wa juujuu tu.

Mtu atasema mbona mi nakunywa na nalala vizuri tu. Mwaka 2013 Marekani walifanya utafiti, watu wakapewa miligramu 400 za kafeini masaa 6 kabla ya kulala, vipimo vikaonyesha usingizi wao umepungua kwa zaidi ya saa moja, na cha kushangaza wenyewe kwenye kujaza daftari zao za usingizi hawakuliona hilo pengo. Hapo ndo penye hatari. Unalala masaa yako matano unayaona matano, kumbe hata manne hayajafika, na hiyo ukiirudia kila siku kuna mahali inatokea, na inatokea kwenye mudi.

Twende kwenye enaji za chupa. Sitaji kampuni maana ziko nyingi na zinafanana, naongelea zile za chupa za plastiki za bei ya chini ambazo zimejaa kila friji ya duka la mtaani, na zile za kopo za bei ya juu kidogo. Kwa kafeini peke yake haziko mbali sana na kahawa, soma lebo, nyingi zimeandikwa kama miligramu 30 au 32 kwa kila mililita 100, maana yake kikopo cha mililita 250 kina kama 80 na chupa ya mililita 400 inavuka 120. Shida ni namna inavyonyweka. Ni tamu, ni ya baridi, joto la Dar unalijua, mtu anafungua anaimaliza kwa mikupuo miwili kama soda, dakika tano kashaweka mwilini kile ambacho mzee wa kahawa angemchukua nusu saa na vikombe kadhaa kumpa. Na sukari juu, kikopo cha mililita 250 cha zile za kawaida kina kama gramu 27, yaani vijiko vya chai zaidi ya sita, kwa hiyo kuna kupanda kwa sukari na kushuka kwa sukari kunaenda sambamba na kupanda na kushuka kwa kafeini.

Nieleze inavyokuwa kwenye kiti, maana haya nayaona kwangu na kwa vijana tunaofanya nao kazi studio. Umefungua chupa saa 7 usiku, kama saa 8 kasorobo unajiona umewaka, unakata klipu haraka, vidole vinakimbia. Saa 8 na nusu moyo unadunda mpaka unausikia shingoni, mkono kwenye mausi unatetemeka kidogo, unataka kupanga rangi za video ukaona kila rangi imekosewa, unaisogeza inazidi, unairudisha, unaanza kuichukia video yenyewe, unamchukia aliyeipiga, mbwa wa jirani akibweka unataka kutoka nje. Saa 10 usiku unalala kwa mang'amung'amu, ndoto za haraharaka. Saa 3 asubuhi meseji inaingia, mteja kaandika "habari za asubuhi, samahani video yetu imefikia wapi?" na wewe unaisoma kama katukana ukoo wako. Hiyo meseji ukiisoma tena jioni baada ya kulala ni meseji ya mtu mstaarabu kabisa. Mteja hakubadilika, wewe ndo ulikuwa huna usingizi na una wasiwasi wa kemikali.

Na hiyo ya kuona kila kitu ni ugomvi haijaanzia studio kwetu. Kuna utafiti wa mwaka 2007, watu walikeshwa kama saa 35 afu wakaonyeshwa picha za kuudhi huku ubongo wao unapigwa picha kwenye mashine, ile sehemu inayoshughulika na hofu na hasira, amigdala, ikalipuka kwa asilimia kama 60 zaidi kuliko ya waliolala, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo inayotuliza mambo yakawa dhaifu. Kafeini inaweza kukurudishia uwezo wa kukaa macho, ukabonyeza vitufe haraka, lakini usingizi uliokosa haikulipii. Ndo maana unapata mtu yuko macho kabisa, kazi inaenda, ila uvumilivu haupo. Macho unayo, moyo wa subira huna.

Sitaki muone kama nakataza kahawa hapa, hapana. Kahawa yenyewe kwenye mudi ina sifa nzuri tu. Mwaka 2011 walichapisha matokeo ya wauguzi wanawake Marekani, zaidi ya elfu 50, waliofuatiliwa miaka kumi, na wale waliokuwa wanakunywa kahawa yenye kafeini vikombe vingi kwa siku waliugua sonona kidogo kuliko wasiokunywa. Haimaanishi kahawa ni dawa ya sonona, utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kipi kimesababisha kipi, lakini inaonyesha adui sio kikombe. Asubuhi au alasiri kikombe kinakuchangamsha, unaongea, kazi inakuwa nyepesi. Tatizo ni kikombe kikishakutana na saa 7 usiku.

Kahawa ya kopo sasa. Mi natumia Africafe, ni ya kwetu, harufu nzuri, inayeyuka bila mabonge, na uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kuipima. Kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana kwenye kikombe ni kama miligramu 60 hivi za kafeini, inategemea na kijiko chako, lakini angalau unajua uko wapi, sio kama kijiweni. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 walisema mtu mzima mwenye afya asizidi 400 kwa siku nzima na 200 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kwa kahawa ya kopo unaweza kabisa kujipangia vijiko vyako na ukabaki ndani ya hapo. Nyota moja na nusu nimezikata kwa sababu kopo liko mezani. Linakuangalia. Birika la umeme liko hapohapo, saa 6 usiku unaongeza, saa 8 unaongeza, na kila ukiongeza unatia na vijiko viwili vya sukari, na huna mzee wa kukwambia nimefunga. Ushauri wangu, kopo lisikae chumba cha kazi kabisa, likae jikoni, na kama jiko liko nje ndo vizuri zaidi.

Chai ya rangi sitaichambua sana. Kikombe kimoja kina kafeini kama miligramu 40 mpaka 50, ni laini, ni rahisi, haikupi ule mtetemo, ila watu hawaihesabu. Anakwambia mi leo sijanywa kahawa kabisa, ukimuuliza kumbe kamaliza chupa nzima ya chai peke yake toka saa 2 usiku, mafunda ya hapa na pale. Hiyo nayo ni kafeini ndugu yangu.

Na kuna nyingine watu hawaihesabu kabisa, vidonge. Panadol Extra kidonge kimoja kina paracetamol miligramu 500 na kafeini 65. Sasa angalia mtu anavyokesha, kichwa kimemuuma saa 5 usiku kwa sababu ya kuangalia skrini, kameza viwili, hapo kashaongeza 130 juu ya kahawa yake na anashangaa mbona leo usingizi umegoma. Kama kichwa kinauma usiku na unataka kulala, paracetamol ya kawaida isiyo na kafeini inakutosha, muulize tu mfamasia akupe hiyo.

Kwenye kichwa kuuma hapohapo. Mnaofunga mnajua zile siku za mwanzo za Ramadhani, mchana kichwa kinagonga, alasiri mtu haongeleki, watu wanasema ni njaa au ni swaumu imekolea. Kwa wanywaji wa kahawa na chai nyingi sehemu kubwa pale ni mwili unadai kafeini. Madaktari wa akili wa Marekani wameiweka hali hiyo kwenye mwongozo wao wa magonjwa toka 2013, dalili zake ni kichwa, uchovu, kukosa umakini, hasira za karibu na kujisikia mnyonge, zinaanza kama saa 12 mpaka 24 baada ya kikombe cha mwisho na zinaweza kukaa siku mbili mpaka tisa. Kwa hiyo anayekesha kwa chupa nne za enaji Ijumaa na Jumamosi kwa ajili ya kazi za harusi, afu Jumapili kalala kutwa hajanywa kitu, ile Jumatatu yake nzito ya kutotaka kuongea na mtu inaweza isiwe na uhusiano wowote na matatizo yake ya maisha. Ukitaka kupunguza punguza taratibu, kikombe kimoja kimoja ndani ya wiki mbili tatu, na kwa wanaofunga anza Shaaban usingoje mwezi uandame.

Sasa natumiaje hiyo kahawa chungu kwa kazi za usiku. Nakunywa magharibi mpaka isha, kijiweni, nimekaa, na mwisho wangu ni saa 2 au saa 3 usiku kama najua nitalala saa 9. Nikiona macho yanafunga katikati ya usiku siongezi, nalala robo saa. Kuna wataalamu wa usingizi wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, miaka ya 1990 walilijaribu kwa madereva wenye usingizi, kunywa kahawa kisha ulale dakika zisizozidi 15 palepale, kafeini inakuja kushika wakati unaamka, na waliofanya vyote viwili waliendesha vizuri kuliko waliokunywa kahawa tu. Kwa madereva wa malori na wa mabasi ya usiku hii ni ya kuijua kabisa, paki pembeni pa usalama, kunywa, lala kidogo, endelea. Kwangu kwenye kuediti naitumia mapema usiku tu, sio saa 8, maana ikifika hapo nikilala robo saa bila kahawa ndo napata nafuu na nikimaliza bado nina usingizi wa kulalia.

Kwa walio zamu za kudumu, walinzi na manesi, hesabu yenu ni tofauti maana nyie mnalala asubuhi. Kikombe chenu kiwe mwanzo wa zamu, saa 1 saa 2 usiku, na kama mnaongeza iwe kabla ya saa 7 usiku, zaidi ya hapo mnaharibu usingizi wa saa 2 asubuhi ambao tayari una jua, watoto na kelele za mtaa. Nimekaa na walinzi wengi, kosa kubwa ninaloliona ni ile chupa ya saa 10 alfajiri ya kumalizia zamu. Inakumalizia zamu kweli, inakuanzishia ugomvi nyumbani.

Kuna watu wasifuate nyota zangu kabisa. Mjamzito kiwango chake ni 200 kwa siku nzima sio 400, na miezi ya mwishoni kafeini inakaa mwilini muda mrefu mno. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango pia inakaa karibu mara mbili ya muda wa kawaida, wadada wengi hawaambiwi hili, kwa hiyo kikombe cha saa 11 jioni kwako kinaweza kuwa kama cha saa 3 usiku kwa mwenzio. Wavuta sigara kwao inatoka haraka, na ndo maana mtu akiacha sigara anashangaa vikombe vyake vilevile vya kahawa vya siku zote vinamtia kiwewe, ni sigara ilikuwa inaiondoa. Na kama una historia ya kupaniki, kifua kubana, moyo kwenda mbio bila sababu, kafeini nyingi inaweza kukuletea hali hiyohiyo, kaa mbali na enaji na umwambie daktari unakunywa nini usimfiche. Pia kama umepunguza, unalala, wiki zinapita na bado huna raha ya kitu chochote, hiyo sio kahawa tena, nenda hospitali ukaongee na mtu, sonona inatibika.

Kwa hiyo nyota zangu ndo hizo. Mkienda kijiweni muulizeni mzee kahawa yake ni ya Bukoba au ya Moshi, chukueni kashata moja sio nne, na angalieni maji ya vikombe kabla ya kukaa. Mi natafuta muuzaji mwenye ndoo mbili, moja ya kuoshea na moja ya kusuuzia, maeneo ya Magomeni mpaka Kigogo, anayemjua anitajie kona anayokaa na muda anaofika.